Kura za Kasulu na Kibondo: Mwananchi Anapima Nini?

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma, Kasulu)



Nimeombwa nieleze mwelekeo wa kisiasa wa wananchi wa nyanda za juu za Kigoma, yaani nchi ya Buha kutoka Kasulu na Buhigwe hadi Kibondo na Kakonko. Nimekubali kwa sababu jambo hili huzungumzwa sana katika vilabu na maofisini, lakini hupimwa mara chache. Na nimefurahi kwamba wasikilizaji wangu ni ninyi. Mwalimu na mtumishi wa umma ndio wanaokaa nyuma ya sanduku la kura siku ya uchaguzi, na ndio wanaobaki na mwananchi miaka mitano baada ya mbunge kwenda Dodoma.

Kuna semi mbili juu ya wilaya hizi. Usemi wa kwanza unadai kwamba watu wa Kigoma ni wapinzani kwa asili, kana kwamba upinzani umo katika maji ya Malagarasi. Usemi wa pili unadai kwamba watu hawa hawatabiriki, leo wako hapa, kesho wako kule. Semi zote mbili zina madhara. Wa kwanza humfanya kiongozi aone hana sababu ya kuwahudumia watu ambao hawatamchagua. Wa pili humfanya aone hana sababu ya kuwasikiliza, kwa kuwa wenyewe hawajui wanalolitaka. Shabaha ya maelezo yangu ni kuonyesha kwamba semi zote mbili ni potofu, na kwamba kura za Buha, zikisomwa kwa utulivu, zina mantiki iliyo wazi.

Ndugu Mwenyekiti, hatuwezi kuelewa kura bila kuelewa nchi. Buha haikuwa na mtawala mmoja. Ilikuwa na tawala kadhaa, kila moja na mwami wake: Heru hapa Kasulu, Muhambwe na Buyungu kule Kibondo, na nyinginezo. Chini ya mwami walikuwako watwale, na pembeni yao walikuwako wateko, wazee wa ardhi, ambao mamlaka yao hayakutoka kwa mwami bali katika udongo wenyewe na katika koo zilizoufyeka msitu kwanza. Kwa hiyo Mha wa kale aliishi na mamlaka mawili. Alitii la juu, lakini alijua kwamba lile la chini, la ardhi, halikuwa mali ya mkubwa. Mwanasiasa anayepita hapa akidhani kwamba utii ni sawa na ridhaa, hajaisoma historia hii.

Ukoloni ulikuja na kuondoka kwa namna ya pekee. Wajerumani walifuatwa na Wabelgiji, walioishika Buha kutoka mwaka 1916 hadi 1921, ndipo Waingereza wakakabidhiwa. Katika miaka ya 1930 wananchi wengi wa upande wa Kibondo walihamishwa kutoka makwao na kukusanywa katika makazi ya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Vijana walichukuliwa kwa maelfu kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Mkoa uliokuwa na reli tangu mwaka 1914 uligeuzwa ghala la nguvu kazi. Reli ilipita kusini, ikaelekea ziwani, na nyanda za juu zikabaki na njia za udongo.

Uhuru ulileta matumaini makubwa, na chama cha TANU kilipokewa kwa moyo mmoja. Utawala wa jadi ulifutwa mwaka 1963. Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, ikitangulia uhamishaji wa vijiji wa nchi nzima. Wapo wazee wanaokumbuka shule na zahanati zilizokuja na vijiji, na wapo wanaokumbuka migomba iliyoachwa nyuma. Kumbukumbu zote mbili ni za kweli, na zote mbili huingia katika chumba cha kupigia kura pamoja na mwenye nazo.

Sasa niingie katika kura zenyewe.

Wengi hudhani kwamba wananchi wetu walijifunza kumwondoa mbunge baada ya mwaka 1992, vyama vingi viliporejeshwa. La hasha. Uchaguzi wa mwaka 1965 uliendeshwa chini ya chama kimoja, lakini karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba. Wagombea walisimama jukwaa moja, na walikatazwa kutumia kabila, dini au rangi kuomba kura. Matokeo yaliwashtua wakubwa. Wabunge wengi waliangushwa nchini, na hata mawaziri hawakusalimika. Paul Bomani, aliyekuwa waziri na kiongozi mashuhuri wa ushirika, alishindwa Mwanza. Wakati huohuo Mwalimu Nyerere alipata kura za ndiyo kwa wingi mno. Yaani mwananchi yuleyule, siku ileile, katika chumba kilekile, alimkubali Rais na kumkataa mbunge. Desturi ya kumtenganisha mtu na chama ni kongwe kuliko vyama vingi. Chaguzi za 1970, 1975, 1980 na 1985 ziliendelea kuikomaza.

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi kukusanya maoni. Sehemu kubwa ya waliotoa maoni ilitaka chama kimoja kiendelee, lakini Tume ilipendekeza vyama vingi, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Mkoa wa Kigoma haukuchelewa kuonekana. Uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa mwaka 1994 ulifika hadi Mahakama ya Rufani, na miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa ni matangazo ya redio ya taifa yaliyompendelea mgombea mmoja. Katika uchaguzi mkuu wa 1995, Dkt. Aman Walid Kabourou wa Chadema akashinda jimbo hilo. Mwaka 2005, wakati Ndugu Jakaya Kikwete alipochaguliwa kwa asilimia 80 ya kura nchini, kijana Zitto Kabwe wa Chadema alilitwaa jimbo la Kigoma Kaskazini. Hata katika mwaka ambao mawimbi yote yalielekea upande mmoja, jimbo hilo lilikwenda kinyume chake.

Lakini hayo yalikuwa ya pwani ya ziwa. Nyanda za juu zilisema kwa sauti kubwa mwaka 2010. Katika uchaguzi ule NCCR-Mageuzi kilipata majimbo manne tu nchi nzima, na yote manne yalikuwa katika mkoa wa Kigoma. Moja lilikuwa Kigoma Kusini, alikoshinda David Kafulila. Matatu yalikuwa huku juu: Kasulu Mjini, alikoshinda Moses Machali, Kasulu Vijijini, alikoshinda mama, Agripina Buyogela, na Muhambwe, alikoshinda Felix Mkosamali, mmoja wa wabunge vijana kabisa wa Bunge lile. CCM kilibaki na Manyovu kwa Albert Obama na Buyungu kwa Christopher Chiza.

Hapo ndipo wasemaji wa semi zile mbili walipopata nguvu. Lakini naomba tutazame tarakimu moja ambayo wengi hawaitazami. NCCR-Mageuzi kilikuwa pia na mgombea wa urais mwaka ule, Ndugu Hashim Rungwe. Kwa nchi nzima alipata kura 26,388, yaani pungufu ya theluthi moja ya asilimia moja. Tuseme, kwa ajili ya hoja tu, kwamba kura hizo zote zilitoka Kigoma. Bado zisingetosha kuwapeleka bungeni wabunge wanne. Maana yake ni moja tu: maelfu ya wananchi wa Kasulu na Kibondo walimchagua mbunge wa NCCR-Mageuzi, kisha wakageuza karatasi ya pili na kumpa kura ya urais mgombea wa chama kingine.

Ndugu Walimu, mtu anayegawa kura yake namna hiyo hawezi kuitwa mpinzani kwa asili, wala hawezi kuitwa mtu asiyejua anachokitaka. Anajua vizuri sana. Anajua kwamba Rais ni wa taifa, na kwamba mbunge ni wa barabara yake, zahanati yake na shamba lake. Anawapima kwa mizani mbili tofauti.

Miaka mitano baadaye mizani ilipimwa upya. Mwaka 2015 Kasulu Mjini ilirudi CCM kwa Daniel Nsanzugwanko, Kasulu Vijijini ilikwenda CCM kwa Augustine Vuma, na Muhambwe ilikwenda CCM kwa Atashasta Nditiye. NCCR-Mageuzi hakikubakiwa na kiti hata kimoja Kigoma. Wapo walioshangilia wakasema Buha imerejea nyumbani. Lakini waliosema hivyo walisahau kutazama upande wa Kakonko. Mwaka uleule, Buyungu, jimbo lililobaki CCM mwaka 2010, lilimwondoa Ndugu Chiza, aliyekuwa amepata kuwa Waziri wa Kilimo, na kumchagua Samson Bilago wa Chadema. Kwa hiyo kati ya majimbo matano ya nyanda za juu, manne yalibadili chama: matatu kwa upande mmoja na moja kwa upande wa pili. Ni jimbo moja tu, Manyovu, ambalo baada ya wilaya kugawanywa linaitwa Buhigwe, lililobaki na chama na mbunge wake.

Tukisoma mambo haya kwa jicho la chama pekee, tutaona vurugu. Tukiyasoma kwa jicho la mwananchi, tutaona sheria moja inayofanya kazi kwa usahihi: aliyekuwa ndani alihesabiwa deni. Wa NCCR-Mageuzi alihesabiwa, na wa CCM alihesabiwa. Wahenga walisema ahadi ni deni, na katika vilima hivi mdai hasahau.

Wanasiasa wenyewe nao wamemfundisha mwananchi asiangalie rangi ya bendera. Dkt. Kabourou alihamia CCM. Ndugu Machali alitoka NCCR-Mageuzi akaenda ACT-Wazalendo, na mwaka 2016 akajiunga na CCM. Ndugu Kafulila alikuwa Chadema kabla ya NCCR-Mageuzi, akarudi Chadema, na mwaka 2017 akakihama tena na kuelekea CCM. Ndugu Zitto alitoka Chadema akaingia ACT-Wazalendo mwaka 2015, na mwaka uleule akashinda Kigoma Mjini. Simlaumu yeyote, Katiba inampa kila mtu uhuru wa kujiunga na chama akitakacho. Lakini kiongozi anayebadili chama mara tatu hana haki ya kumshangaa mpiga kura anayebadili mara moja.

Sasa tuulize: mizani hiyo hupima nini? Kwa kusikiliza mikutano ya kampeni na mazungumzo ya masokoni, mambo manne hujirudia.

La kwanza ni barabara na umeme. Kwa miaka mingi barabara ya kutoka Nyakanazi kupitia Kakonko, Kibondo na Kasulu hadi Kigoma ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Mkulima wa maharage na mahindi alilima kwa wingi, akauza kwa bei ya mwenye lori. Ndizi za Manyovu ziliozea njiani. Umeme ulitoka katika mitambo ya dizeli, na mkoa ulikaa nje ya gridi ya taifa hadi miaka ya 2020. Lami ilipoanza kusogea, na nguzo za gridi zilipoonekana, mizani ilisogea nayo. Si jambo la aibu. Barabara ni siasa kwa mtu ambaye mke wake mjamzito anabebwa kwa baiskeli.

La pili ni ardhi. Idadi ya watu wa mkoa wa Kigoma ilihesabiwa kuwa 2,127,930 mwaka 2012, na 2,470,967 mwaka 2022. Watu wanaongezeka, vilima havinyooki. Kijana wa Heru Juu hawezi kugawiwa tena shamba la babu. Hushuka mabondeni na kuelekea misituni. Huko hukutana na mipaka ya hifadhi. Mgogoro wa Kagerankanda na msitu wa Makere Kusini ulikuwa hoja katika kampeni nyingi, na kila mgombea aliulizwa swali hilohilo: tutalima wapi? Aliyejibu kwa vitisho aliadhibiwa. Aliyejibu kwa ahadi asiyoitimiza aliadhibiwa miaka mitano baadaye.

La tatu ni wakimbizi na uraia. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mwaka 1993, maelfu kwa maelfu walivuka mpaka. Kambi zilijaa Kibondo na Kasulu: Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago, Mtabila, Muyovosi, na mwaka 1996 ikafunguliwa Nyarugusu kwa ndugu waliokimbia vita ya Kongo. Wananchi wetu walitoa ardhi, maji na kuni. Mtabila ilifungwa mwaka 2012, lakini mwaka 2015 wengine waliingia tena. Katika hali hiyo, Mha wa mpakani, ambaye lugha yake na Kirundi ni kama ndugu wa tumbo moja, hujikuta akiulizwa kila mara: wewe ni raia? Huulizwa akiwa safarini, huulizwa akitafuta kitambulisho, na huulizwa akienda kujiandikisha kupiga kura. Wapo wagombea waliolitumia swali hilo kama rungu dhidi ya wapinzani wao wenyewe. Mtu aliyelima Kitanga tangu zama za babu yake, akiulizwa uraia wake na karani kijana aliyehamia juzi, haendi nyumbani na hasira dhidi ya karani. Huenda nayo kwenye sanduku la kura.

La nne ni namna mgombea anavyopatikana. Mwaka 2010 Chama Cha Mapinduzi kiliwashirikisha wanachama wengi zaidi katika kura za maoni, na hiyo ilikuwa hatua ya kupongezwa. Lakini popote ambapo wanachama waliona kwamba sauti yao imepinduliwa mahali pengine, au kwamba fedha imesema badala yao, walinyamaza kwenye mkutano na kusema kwenye karatasi. Upinzani nao una dhambi hiyohiyo. Mwaka 2015 vyama vya Ukawa viligawana majimbo mezani, ACT-Wazalendo kikasimama peke yake, na wapinzani wakazigawanya kura zao wenyewe. Chama chochote kinachomletea mwananchi mtu asiyemtaka kinamfanyia kampeni mpinzani wake.

Niseme neno juu ya mji huu wa Kasulu, kwa sababu hapa ndipo mchezo wote unapoonekana. Katika nchi za Ulaya na Marekani wataalamu wa uchaguzi huvitazama sana vitongoji vya pembezoni mwa miji mikubwa, kwa kuwa huko ndiko kura zinakohama. Kasulu ni mji wa pembezoni kwa maana yake yenyewe. Ina halmashauri ya mji, lakini ndani ya mji huo zimo kata ambazo wakazi wake hushika jembe asubuhi kabla ya kushika kitu kingine chochote. Mwananchi wa Msambara au Muganza ni mtu wa mji kwa sheria na mkulima kwa maisha. Mwenye duka la Murubona ana shamba la mahindi. Mwalimu wa sekondari ana shamba la mihogo. Kijana wa bodaboda ana deni la pikipiki mjini na mama yake kijijini. Watu wa namna hii hawawezi kufungwa katika kundi moja. Habari za mjini huwafikia upesi, na shida za kijijini huzijua kwa mwili wao. Ndiyo maana jimbo hili liligeuka mwaka 2010, likageuka tena mwaka 2015, na mwaka 2020 likampata mbunge mwingine, Profesa Joyce Ndalichako wa CCM. Asiyejua kwamba Kasulu ni mji na kijiji kwa pamoja atazungumza na nusu tu ya kila mpiga kura.

Ndugu Mwenyekiti, ukweli unatutaka pia tuseme kuhusu miaka ya karibuni. Baada ya kifo cha Ndugu Bilago mwaka 2018, uchaguzi mdogo wa Buyungu ulimrudisha Ndugu Chiza. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa. Mwaka 2020 CCM kilitwaa majimbo yote ya mkoa. Mei 2021 kulifanyika chaguzi ndogo mbili huku juu, Muhambwe baada ya kifo cha Ndugu Nditiye, na Buhigwe baada ya Dkt. Philip Mpango kuwa Makamu wa Rais. CCM kilishinda zote. Oktoba 2025 uchaguzi mkuu ulifanyika bila Chadema kuwamo, na siku hizo zilitiwa doa na machafuko na vifo katika miji ya nchi yetu.

Je, kura hizi zinatuambia kwamba mizani ya Buha imevunjika, na kwamba sasa iko upande mmoja daima? Mchambuzi makini hawezi kusema hivyo. Mizani hupima pale tu sahani zote mbili zinapowekewa kitu. Mahali ambapo mgombea ameenguliwa au chama hakimo, ushindi wa asilimia kubwa hautuelezi mwananchi anapenda nini. Unatueleza tu kwamba hakuulizwa swali zima. Nayasema haya nikijua kwamba yapo masikio ambayo hayatayafurahia. Lakini chama tawala kinachojipima kwa kura zisizo na ushindani ni kama mgonjwa anayejipima homa kwa kipimajoto kilichokufa: hujiona mzima mpaka siku anayoanguka. Mahudhurio nayo yana usemi wake. Mwaka 2010 waliojitokeza nchini walikuwa karibu asilimia 43 tu ya waliojiandikisha. Mwaka 2015, ushindani ulipokuwa mkali, walifika asilimia 67. Mwaka 2020 wakashuka hadi karibu asilimia 50. Anayekaa nyumbani siku ya kura naye amesema jambo.

Sasa nifike kwenu, kwa maana haya yote yangekuwa hadithi tu kama yasingekuwa na wajibu ndani yake.

Wajibu wa kwanza ni wa sanduku lenyewe. Sheria zetu zimeiweka kazi ya kusimamia uchaguzi mikononi mwa watumishi wa umma. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikataa wakurugenzi wa halmashauri wasisimamie uchaguzi, na mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Sheria mpya ya mwaka 2024 nayo imeendelea kuwategemea watumishi wa umma. Na katika vituo, nani huandika matokeo? Ni mwalimu. Fomu za matokeo ya Rais, ya mbunge na ya diwani hujazwa kwa mkono uleule unaosahihisha madaftari ya watoto. Mwalimu hawezi kumpa mtoto alama ambazo hakuzipata, kwa sababu anajua kwamba siku ya mtihani wa taifa uongo utajulikana. Basi na tarakimu za wananchi ziandikwe kwa uaminifu uleule. Mtu akishindwa kwa haki hurudi shambani. Akishindwa kwa hila hurudi na kisasi, na kisasi katika mkoa wa mpakani ni moto katika nyasi kavu.

Wajibu wa pili ni kutomwadhibu mwananchi kwa kura yake. Kata iliyomchagua diwani wa upinzani inalipa kodi ileile na ina watoto walewale. Mganga hamwulizi mgonjwa kadi ya chama. Bwana shamba asiulize, na afisa mipango asiulize. Mtumishi anayechelewesha kisima kwa sababu za kura anamfanyia kampeni yule anayemchukia.

Wajibu wa tatu unahusu uraia. Heshimuni hadhi ya mtu wa mpakani. Sheria ya uraia ina taratibu zake na vyombo vyake, na ulinzi wa mpaka ni lazima. Lakini ni dhambi kulitumia swali la uraia kumnyamazisha mtu anayeuliza fedha za shule zimekwenda wapi.

Wajibu wa nne ni wa darasani. Mtoto afundishwe kuhesabu na afundishwe pia kuhoji hesabu. Afundishwe tofauti kati ya kazi ya diwani, kazi ya mbunge na kazi ya Rais, ili atakapofikisha miaka 18 asimdai huyu deni la yule. Wazee wake walikwisha kulijua hilo mwaka 2010, walipogawa kura zao kwa akili timamu bila kufundishwa na semina yoyote. Itakuwa aibu iwapo wajukuu waliosoma watajua kidogo kuliko babu waliolima.

Ndugu Mwenyekiti, nahitimisha. Mpiga kura wa Kasulu na Kibondo si mali ya chama chochote, si cha CCM, si cha NCCR-Mageuzi, si cha Chadema wala ACT-Wazalendo. Ni mtu mvumilivu, mwenye kumbukumbu ndefu, anayetii mamlaka na kuyapima. Kiongozi anayetaka kura yake hana njia ya mkato: atengeneze barabara, amalize mgogoro wa shamba, amheshimu kama raia, na akubali kuhesabiwa deni muda ukifika. Na sisi watumishi na waandishi, kazi yetu ni kuhakikisha kwamba siku ya kuhesabu deni inafika kweli, na kwamba hesabu yenyewe ni ya haki.